Umebaki Msumari Mmoja

Kila asubuhi, kabla hajavua koti, Masele aligonga mbao. Hakugonga zote, angemaliza jioni. Aligonga ubao wa juu wa kila rundo, mara tatu, kwa kifundo cha kidole cha kati, akasema, "Hodi." Kisha akainamisha kichwa na kusikiliza. Mninga mkavu ulijibu kama mlango wa chumba kitupu. Mninga wenye maji ulijibu kama kifua cha mtu mwenye mafua. Mkongo haukupenda kujibu. Ulitoa sauti fupi, kama mzee aliyeitwa akiwa mezani. Akisharidhika alichora kwa kalamu yake ya nta ya bluu: moja, mbili au tatu. Hilo ndilo lilikuwa daraja la ubao, na hakuna mtu katika banda lile la mbao pale Igogo aliyewahi kubishana na alama ya Mzee Masele.

Mzunguko wake uliishia nyuma kabisa, upande wa ziwa, kwenye rundo la mkongo lililofunikwa turubai la kijani. Hapo hakuchora kitu. Aligonga, akasema hodi, halafu akajijibu mwenyewe kwa sauti nyembamba ya kike: "Karibu, kaka." Makuli waliokuwa wakisubiri lori walimsikia na kucheka, naye aliwaacha wacheke. Rundo lile lilikuwa la dada yake, Wilhelmina, wa Kisesa. Mbao mia na themanini. Chini ya turubai lile walilala ng'ombe kumi na mmoja.

Habari ya ng'ombe inatokana na uzi, kwa hiyo ni lazima uzi utangulie.

Miaka ishirini iliyopita Masele alibishana na Paulo. Huyu Paulo ni kuli, mzaliwa wa Uganda, alikuja Mwanza na meli ya mizigo, akampata mwanamke wa Igogo, meli ikarudi bila yeye. Ubishi ulikuwa huu: kati ya Tanzania na Uganda, nani anauza mbao ngumu nyingi zaidi nchi za nje? Paulo alisema kwao. Masele alisema kwetu. Walibishana wiki nzima, mpaka chai ikawa inapoa vikombeni, mpaka bosi wao, Nathaniel, akachoka kuwasikia. Akawaletea kipande cha gazeti la wakati wa bajeti, chenye takwimu ya kwetu, na karatasi moja aliyotumiwa na wateja wake wa nje, yenye takwimu ya kwa kina Paulo. "Haya, hesabuni wenyewe," akasema, "mniache nifanye kazi."

Masele alikuwa ameishia darasa la nne pale Bujora, lakini hesabu za mbao alizifanya kichwani vizuri kuliko wengi waliofika mbali. Akazitazama zile takwimu mbili. Moja ilisomeka kwa mabilioni, nyingine kwa mamilioni. Haziwezi kulinganishwa hivihivi. Akafikiri siku mbili. Siku ya tatu alikuja na jibu lililompendeza mwenyewe mpaka akalieleza mara tatu: kila nchi iwe na msumari wake ukutani, na ipimwe kwa mwaka wake yenyewe. Mwaka huu zote zianzie usawa mmoja, hapa kifuani. Mwakani, nchi ikiongeza robo ya mauzo yake, msumari wake unapanda robo. Ikipunguza, unashuka.

"Mwenye futi na mwenye mita," alisema, "wote wataona kama mti umekua."

Hakuna aliyepinga. Alipigilia misumari miwili kwenye ukuta mkubwa wa mbao ulioelekea getini, akafunga nyuzi mbili za pamba alizonunua Magu: mwekundu wa kwetu, wa bluu wa kwa Paulo. Tangu hapo kila mwezi wa sita bosi alileta vipande vyake viwili, na Masele akatoa futi yake ya kukunja, akapanda ngazi, akapigilia misumari mingine miwili, makuli wote wakitazama kama watu wa mpira.

Uzi mwekundu ulipanda. Mwaka hata mwaka ulipanda. Wa bluu ulipanda kidogo, ukashuka kidogo, ukatambaa.

"Paulo, uzi wenu umelala. Una malaria?"

"Umepumzika. Nyie wenu una haraka ya kwenda wapi?"

"Kwenye boriti!"

Ndiyo, boriti ya paa. Ilikuwa juu kabisa ya ukuta, na siku moja kuli mmoja alisema kwa mzaha kwamba uzi ukigusa boriti wote watakuwa matajiri. Maneno ya mzaha yakikaa mahali pamoja muda mrefu huanza kufanana na ahadi. Watu wa mjini waliokuja kununua fremu za milango waliuliza ule uzi ni wa nini, wakaelezwa, wakarudi kununua mbao za kuweka tu. Waliziacha palepale bandani kwa kodi ndogo, wakisubiri boriti.

Miaka tisa iliyopita Wilhelmina naye aliuliza.

Alikuwa amefiwa na mume. Marehemu alimwachia shamba la mpunga, nyumba ya tofali za kuchoma, na ng'ombe kumi na mmoja ambao shemeji zake walikuwa wakiwatazama kwa jicho la kuwahesabu. Ng'ombe wakibaki zizini, alijua, shemeji atakuja kuazima mmoja wa kulimia, na mwingine wa msiba, na mwingine bila kusema. Akaja kwa kaka yake. Akasimama mbele ya ukuta, mikono kiunoni, kitenge cha msiba bado begani.

"Kaka, hiki nini?"

Masele akamweleza. Alimweleza vizuri, kwa fahari, mwaka kwa mwaka. Wilhelmina alikuwa mwepesi kuelewa kitu kinachokua, alikuwa mfugaji.

"Kwa hiyo mbao zinazaa."

"Zinazaa zikiwa zimelala," akasema Masele.

Sentensi hiyo aliitoa yeye mwenyewe, kwa mdomo wake. Mwezi uliofuata ng'ombe wote kumi na mmoja waliuzwa mnadani, na mbao mia na themanini za mkongo, daraja la kwanza, zikaingia chini ya turubai. Shemeji zake walipouliza, Wilhelmina aliwajibu bila kupepesa: "Ng'ombe wa ndugu yenu wako Mwanza. Wanazaa. Uzi ukigusa boriti nawarudisha na ndama wao." Hata wao walikuja siku moja kuutazama uzi. Waliutazama muda mrefu, wakaondoka wakiwa na adabu.

Mwezi wa sita mwaka huu, Masele alipopigilia msumari wa kwetu, ilibaki nafasi ya msumari mmoja tu kufika boriti. Makuli walipiga makofi. Na wale shemeji wakatuma neno: miaka tisa inatosha, mavuno ya mwaka huu wanataka kuona ng'ombe wa ndugu yao zizini, la sivyo shamba la mpunga litarudi ukooni. Wilhelmina hakushtuka. Alimpigia kaka yake simu akicheka: "Waambie wakate miti ya zizi jipya, lile la zamani halitatosha."

Kitu kimoja tu kilikuwa kikimsumbua Masele, na alikisukuma kando kama mtu anavyosukuma kikombe chenye ufa nyuma ya vikombe vingine. Wanunuzi wa nje hawakuwa wakija tena. Miaka ya nyuma walikuja watatu, wanne, na koti zao nyepesi, wakigusa mbao. Sasa ilikuwa mwaka wa tatu hajaona hata mmoja. Lakini uzi ulipanda. Macho yake yaliona geti tupu na macho yaleyale yaliona uzi, naye akaamini uzi.

Mwezi wa saba aliletwa karani mpya, Hellen, binti wa Magu, mpole, mwenye kutembea na daftari kifuani. Wiki ya kwanza alitazama mafaili. Wiki ya pili akaanza kutazama ukuta. Jumanne moja alimfuata Masele kwenye rundo la mninga.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mjukuu. Umeamkaje?"

"Salama. Babu, naomba niulize kitu, usinicheke."

"Nikucheke nina meno mangapi?"

Hellen akatabasamu. Akamwonyesha vile vipande vya karatasi; Masele alivitunza vyote, miaka ishirini, kwenye kopo la maziwa ya unga. "Hizi za uzi mwekundu ni shilingi?"

"Za gazeti la kwetu. Zitakuwa nini?"

"Na hizi za bluu?"

"Hizo zina ile alama ya nyoka aliyechomwa mkuki. Dola." Masele akamtangulia, maana alijua swali linakokwenda, au alidhani anajua. "Usihofu, hatujachanganya. Kila nchi imepimwa kwa mwaka wake yenyewe. Mwenye futi na mwenye mita wote wataona kama mti umekua."

Hellen alikuwa binti asiyependa kumshinda mzee, hilo lilionekana. Alichezea kona ya daftari.

"Babu, ulipoanza kupima, dola moja ilikuwa shilingi ngapi?"

"Elfu moja na kidogo."

"Na leo?"

Masele alijua, kila mtu mjini aliona ubao wa duka la kubadilishia fedha. "Elfu mbili na mia kadhaa."

"Sasa babu, wewe ukipima ubao kwa futi, halafu mwaka unaofuata hiyo futi yenyewe imekatwa kidogo, na mwaka wa mbele yake kidogo tena, ubao utasomeka vipi?"

Msumeno ulikuwa ukilia upande wa pili. Masele alisubiri unyamaze, ingawa jibu halikuhitaji ukimya.

"Utasomeka mrefu," akasema.

"Hata kama ubao haujakua."

"Hata kama umepungua."

Inabidi kusema hapa kwamba Masele alizijua futi fupi. Zamani palikuwa na mfanyabiashara aliyepita mashambani akiwauzia watu mbao kwa futi iliyokatwa nusu inchi na kubandikwa upya kwa ustadi. Wakulima wa watu walipunjwa miaka. Masele ndiye aliyeigundua. Aliichukua ile futi mbele za watu, akaivunja gotini, vipande akavitupa ziwani, na yule mtu hakuonekana tena Igogo. Kisa hicho kilisimuliwa mpaka Kisesa. Wilhelmina alikuwa akikisimulia yeye mwenyewe, sokoni, akimaliza kwa kusema, "Huyo ni kaka yangu, tumbo moja."

Hellen alikuwa na jedwali kwenye kompyuta, nchi mbili, zote kwa dola, miaka ishirini. Akasoma taratibu, Masele akaandika kwa kalamu ya nta juu ya ubao mbovu. Saa sita mchana, wakati wenzake wanakula, alichukua ngazi. Aling'oa misumari ya uzi mwekundu mmoja mmoja na kuipigilia upya. Mwanzo uzi ulipanda kweli, miaka michache. Halafu ukaanza kushuka. Nyundo yake ilishuka nao, kutoka ngazi ya tisa hadi ya sita, hadi ya tatu, mpaka akawa amesimama chini sakafuni, na msumari wa mwisho aliupigilia akiwa ameinama, usawa wa kiuno. Wa bluu hakuugusa. Ulikuwa sawa tangu siku ya kwanza. Ulikuwa juu ya kichwa chake.

Paulo alitoka kula, akatazama, kijiti cha meno kikamdondoka.

"Eeeh! Tereza! Acha chai, njoo uone mume wako alivyo tajiri!"

Tereza, mkewe, aliyekuwa akiuza chai getini, alikuja na kikombe mkononi. Paulo alicheza kwa mabega kuanzia ukutani mpaka getini na kurudi. "Nani ana malaria? Semeni tena! Mlete na dawa!" Makuli wengine walicheka, lakini kicheko chao hakikufika mbali, kwa sababu wengine wao nao walikuwa na mbao kumi, kumi na tano, chini ya maturubai.

Bosi Nathaniel aliingia saa tisa. Hakupiga kelele, hakuwa mtu wa kelele. Alisimama funguo mkononi.

"Mzee Masele, nani kashusha uzi?"

"Mimi, bosi. Ulikuwa umekosewa. Nilikosea mimi." Akamweleza. Alieleza vibaya, kwa kurudiarudia, lakini Nathaniel alielewa kabla hajafika nusu, na Masele akaona kwamba alielewa mapema mno, kama mtu anayekumbushwa.

"Mzee wangu," akasema Nathaniel, "humu ndani kuna mbao za watu sitini na tatu. Wameziweka kwa sababu ya uzi huu. Ukiushusha leo, kesho geti litajaa watu sitini na tatu, wote wanauza, siku moja. Nani atanunua? Bei itakuwa ya kuni. Hata mbao za dada yako."

Aliyosema bosi yalikuwa kweli vilevile kama ya Hellen.

"Paulo, panda," akasema Nathaniel.

Paulo akapanda. Matundu ya zamani yalikuwepo bado, misumari iliingia yenyewe. Alipomaliza alishuka polepole, akajifuta mikono kwenye suruali.

"Nimetawala saa tatu," akamwambia Masele, akijaribu kumchekesha. "Hata ubwabwa haujapoa." Masele hakucheka. Paulo akaongeza, kwa sauti ya chini, "Nisamehe, mzee. Nina watoto wanne."

Ilibaki kumwambia Wilhelmina. Jumatano Masele alimpigia simu; dada yake alikuwa shambani, upepo ukila maneno, akasikia tu "kaka anasalimia." Alhamisi Masele alipiga tena, akasikia sauti ya dada yake ikisema "Enhe, kaka?" kwa furaha, akauliza habari za mpunga, akakata. Asubuhi hizo mbili aligonga marundo yote, lakini alipofika kwenye turubai la kijani alipita kando, kama mtu anayepita nyumba anayodaiwa.

Ijumaa Mungu alituma mnunuzi. Ndivyo Masele alivyofikiri, na hakuwa mtu wa kumtaja Mungu ovyo. Alikuwa Renatus, fundi mkubwa wa Bukoba, mwenye lori tupu, anatafuta mkongo mkavu wa kutengenezea mabenchi ya kanisa. Masele alimfunulia turubai. Renatus naye aligonga, akanusa, akatikisa kichwa kwa heshima.

"Elfu thelathini kwa ubao. Nachukua zote. Lakini kesho saa saba lori linaondoka, nawahi meli."

Mbao mia na themanini kwa elfu thelathini: milioni tano na laki nne. Masele alikumbuka vizuri sana ng'ombe walivyouzwa. Milioni tano na laki nne. Pesa ileile, tarakimu zilezile, kama vile miaka tisa haikupita. Kwa shilingi hakuna kilichopotea. Lakini ng'ombe mnadani sasa ni milioni moja na laki tatu.

Jumamosi Wilhelmina alikuja, kama alivyokuja kila mwezi, na mchele kwenye kitenge.

"Shikamoo, kaka. Mbona umekonda? Wifi hakulishi?"

"Marahaba. Njoo tukae."

"Sikai mpaka nisalimie ng'ombe wangu." Akaenda moja kwa moja ukutani kwanza, akakinga jua kwa mkono, akatazama juu. "Umebaki msumari mmoja. Jamani. Mmoja!"

Masele akamshika mkono, akampeleka nyuma, akamwambia. Alianza na futi inayokatwa, akaingia kwenye dola, akarudi kwenye futi. Akamwita Hellen, naye akaeleza kwa adabu, vizuri kabisa, akionyesha kwenye daftari. Renatus alisimama kando, kofia mkononi, akitazama saa bila kutaka kuonekana. Wilhelmina alisikiliza mpaka mwisho.

"Huyu bwana anatoa ngapi?"

Masele akataja.

Wilhelmina hakuandika popote, hakuhesabu vidole. Macho yake yalikwenda mnadani Kisesa na kurudi. "Wanne," akasema. "Wanne na mkia." Akamgeukia Masele. "Kaka, mimi niliwaambia wako kumi na mmoja na wanazaa. Niingie na wanne?"

"Uuze leo, Wile. Kesho watakuwa watatu. Uzi ule ni wa uongo."

"Ni wa uongo, na uko pale ukutani?"

"Nilishusha. Wameurudisha."

"Nani kaurudisha? Wewe si ndiye mwenye ngazi?" Akageuka. Bosi Nathaniel alikuwa akipita kuelekea ofisini. "Bosi, samahani. Ule uzi ni wa kweli?"

Nathaniel alisimama. Alimtazama Masele kwa muda wa pumzi moja, kama anayemwomba radhi.

"Mama, uzi si unauona," akasema, na akaendelea na safari yake.

Wilhelmina akamtazama mnunuzi, akatazama viatu vyake vizuri, akarudi kwa kaka yake. Alipoongea tena sauti ilikuwa imeshuka, na hiyo ndiyo ilikuwa mbaya.

"Huyu mteja wako amekupa ngapi?"

"Wilhelmina."

"Nauliza tu. Miaka yote mbao zinazaa, umebaki msumari mmoja nifike boriti, ghafla kuna mtu na lori, ghafla uzi ni wa uongo, ghafla lazima iwe leo kabla ya saa saba. Kama ungekuwa wewe, ungefikiri nini?"

Masele angefikiri hivyohivyo.

"Binti," Wilhelmina akamwambia Hellen, "wewe umekuja juzi. Uzi una miaka ishirini." Kisha akanyoosha mkono na kuichomoa futi ya kukunja kwenye mfuko wa suruali ya kaka yake, akaikunjua mpaka mwisho, akaishika mbele yao wote. "Ulivunja futi ya yule mtu gotini, watu wakakusifu mpaka kwetu. Mimi nikasema, huyo ni kaka yangu. Leo mimi unanipima kwa ipi?"

Renatus alivaa kofia, akasema taratibu kwamba haingilii mambo ya ndugu, akaenda mbele. Nusu saa baadaye makuli walikuwa wakipakia mkongo wa rundo jingine, la bosi mwenyewe. Paulo alibeba ubao begani akipita karibu na Masele, na macho yake yalitazama chini njia nzima. Saa saba kasoro lori lilitoka. Vumbi lilipotulia, geti lilionekana tupu kama lilivyokuwa miaka mitatu.

Wilhelmina alirudishia turubai. Alivuta kona moja baada ya nyingine, akakaza kamba, akapiga fundo la kufungia ndama. Hasira ilikuwa imemtoka. Hakuwa na uwezo wa kukaa nayo. Alinunua chai mbili kwa Tereza, akamletea kaka yake kikombe.

"Kunywa. Usinune, kaka. Mtu akizeeka hushawishika, hata baba alikuwa hivyo. Nimekusamehe, yameisha." Akaketi juu ya mbao zake, miguu ikining'inia kama msichana. "Nitawaambia shemeji wasubiri mwezi wa sita. Umebaki msumari mmoja. Watasubiri."

Hawatasubiri, Masele alijua. Na mwezi wa sita shilingi itakatwa kidogo tena, msumari utagusa boriti, makuli watapiga makofi, na Wilhelmina atakuja na kamba za kufungia ng'ombe. Aliyaona hayo yote kama mtu anayeona jiwe likibingirika kutoka mlimani wakati yeye yuko ng'ambo ya bonde. Kupiga kelele alikwisha piga.

"Gonga basi," Wilhelmina akasema. "Paulo ananiambia kila siku unawapigia hodi. Gonga nami nisikie."

Masele akainua mkono. Akagonga turubai, mara tatu. Mkongo ukatoa sauti yake fupi, kavu, nzuri, sauti ya daraja la kwanza, kwa maana mbao hazikuwa na kosa lolote. Akafungua mdomo kusema hodi, na neno halikuja. Alisimama hivyo, kidole bado kimekunjwa.

Wilhelmina akacheka, akajibu hata hivyo. "Karibu, kaka."

Masele alikunywa chai yote, kwa sababu dada yake ndiye aliyeilipia. Akaiokota futi pale dada yake alipoiacha, akaikunja pande zote nne, akaiweka juu ya turubai pembeni mwa dada yake. Kalamu ya nta akaiweka juu ya futi. Wilhelmina alikuwa ameangalia mbele, kwenye ukuta, ambako jua la alasiri lilikuwa limefika kwenye uzi mwekundu.

"Unakwenda wapi?"

"Hapo mbele."

Akachukua koti lake msumarini. Alipita marundo ya mninga, mikono mfukoni. Karibu na ukuta makuli walikuwa wamekaa kivulini, na mmoja wao akasema, "Paulo, uzi wenu unaendeleaje?" na Paulo akajibu, "Umelala," na wakacheka, lakini Paulo hakucheka.

Getini mlinzi, Obedi, alimfungulia mlango mdogo.

"Mzee, leo unatoka mapema. Nisifunge?"

"Funga tu," akasema Masele.

Akashika njia ya relini, kuelekea upande usio wa nyumbani kwake, na koti begani. Jumatatu asubuhi makuli walisubiri kidogo kabla ya kuanza kazi, wakitegea sikio kule nyuma. Futi ilikaa juu ya turubai mpaka mvua za vuli, na hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kuiokota. Masele hakurudi.